Juu ya Lawama na Asili ya Kosa

Katika maswali yaliyowashughulisha wanavyuoni wa kila dini, liko moja ambalo sisi wengine hulijibu kila siku bila kulifikiri, nalo ni hili: jambo linapoharibika, nani astahiliye lawama? Jawabu jepesi, ambalo aghalabu si la haki, ni kumlaumu yule aliyesimama pale uharibifu ulipoonekana.

Tuchukue mfano wa mashine ya kukaushia nguo, ambayo watu wa nyanda za juu za Kigoma hawana haja kubwa nayo. Huko Kasulu na Kibondo nguo huanikwa kambani au juu ya majani, na masika yakishika, mama huzianua na kuzianika tena kila mvua inapopita. Lakini maelfu ya Wakongomani waliokaa huko katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wamehamishiwa Marekani, na huko mashine hiyo ni chombo cha kawaida nyumbani. Tumchukulie mmoja wao, ambaye mashine yake inazunguka saa baada ya saa bila kusimama, nguo hazikauki, na kitufe cha taima kimeganda palepale alipokiweka. Jirani yake hatakawia kumwambia kwamba taima imekufa, akanunue nyingine.

Ndani ya taima mna mota ndogo inayozungusha polepole gurudumu la plastiki lililochongwa mabonde ukingoni, na mabonde hayo ndiyo yanayovikutanisha na kuvitenganisha vipande vya shaba vinavyopitisha umeme. Mashine ikiwekwa kwa dakika, mota hupata umeme wake moja kwa moja, na gurudumu huenda mfululizo hata nguo zikibaki majimaji. Ikiwekwa ijiongoze yenyewe, mambo ni mengine: katika mashine nyingi za namna hiyo, mota ya taima haipati umeme maadamu koili ya kupashia joto inawaka, mpaka joto lifike kiwango chake na themostati iizime koili, hapo ndipo mota hupata fungu lake, ikasogea kidogo, kisha ikasimama tena kungoja. Basi koili ikikatika, joto halipandi, themostati haina la kufanya, na taima hukaa palepale, nzima kabisa, ikingojea umeme usioletwa. Fundi mwenye insafu, kabla ya kuihukumu, huirudisha kwenye upande wa dakika akaitazama. Ikienda, haina hatia, naye huenda kuitafuta koili. Akitaka yakini zaidi, huchomoa waya wa mashine ukutani akaipima mota kwa mita, na katika mashine nyingi mota iliyo nzima husoma baina ya omu 2,000 na 3,000. Isiposoma kitu, au vile vipande vya shaba vikikutwa vimeungua, hapo hukumu ya kuibadilisha ni ya haki, naye huhamisha waya mmoja mmoja kutoka taima kuukuu hadi mpya ili kila mmoja urejee mahali pake.

Mwenendo huo wa fundi ndio waliokosa sahibu watatu wa Ayubu. Elifazi, Bildadi na Sofari walipomwona mwenzao amekaa majivuni, mwili wake umejaa majipu, walikata shauri kwamba dhambi ni yake, kwa hoja kuwa mateso yameonekana kwake. Na mwisho wa kitabu cha Ayubu waliokemewa na Mungu ni wao. Waislamu nao wameamrishwa katika Sura ya Hujurat wajiepushe na wingi wa dhana, na katika Sura ya Bakara wamefunzwa kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Mimi nafahamu kutokana na mafunzo haya kwamba lawama hufuata uwezo, na kumlaumu mtu kwa lisilo katika uwezo wake ni dhuluma, hata kama mwenye kulaumu ana nia njema.

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, vita vya Kivu vilipowavusha watu Ziwa Tanganyika, na tangu 2015 Warundi kwa maelfu wakaongezeka humo. Yako maneno yasemwayo juu ya wakaazi wake, kwamba wamezoea kupewa, kwamba wamekaa miaka yote hiyo na hawajasogea. Wasemao hivyo hawajatazama umeme unakatika wapi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 humtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, asitoke bila kibali. Mpango wa kuwapa baadhi yao fedha taslimu badala ya chakula, ulioanza mwishoni mwa 2016, ulisimamishwa 2017. Na Januari 2025 Marekani ikasitisha upokeaji wa wakimbizi, hata kwa waliokwisha kuhojiwa na kupimwa. Siandiki haya kuishutumu Tanzania, ambayo imebeba mzigo huu miaka mingi kuliko mataifa yenye mali zaidi. Nasema tu kwamba mtu hawezi kufungiwa njia kisha akaulizwa mbona hatembei.

Atasema mwenye kupinga kuwa mwanadamu si mota, kwamba amepewa hiari, na mwenye hiari huulizwa juu ya matendo yake hata akiwa kifungoni. Ni kweli, nami siipunguzi hoja hiyo. Mwizi wa Nyarugusu ni mwizi kama wa Kigoma mjini. Lakini hiari hiyohiyo ndiyo inayowashuhudia wakaazi wa kambi. Mota ikikosa umeme hulala. Watu hawa, waliokatiwa njia nyingi, hushona nguo kwa cherehani, hunyoa, hulima mchicha kando ya nyumba, husomesha watoto, huimba katika kwaya na huswali jamaa.

Kwa hiyo nawasihi wote waendao Nyarugusu kuhubiri, kukagua au kuandika taarifa: kabla hamjasema neno juu ya tabia ya watu wale, someni kwanza sheria waliyowekewa, na muulize vibali vingapi vimeombwa na vingapi vimetolewa.