Kombe Likiondolewa Mezani

Ukisoma hadithi nyingi za watoto kuhusu michezo, utakutana na timu ileile. Wachezaji hawaelewani, nyota wao ni mchoyo wa pasi, mgeni anachekwa. Wanafungwa vibaya, wanagombana, wanapatana, na katika dakika ya mwisho nyota anampasia yule aliyemdharau, naye anafunga. Kombe linainuliwa. Mtoto anamaliza kitabu akiwa ameelewa kwamba urafiki ni mzuri kwa sababu unaleta ushindi.

Hilo "kwa sababu" linanisumbua. Kama urafiki unathibitishwa na kombe, basi timu iliyofungwa ilikosa urafiki, au ilikuwa nao bure. Na yule mtoto mzito wa miguu, ambaye hata akipewa pasi mia hatafunga, atakaa wapi katika hadithi hii?

Methali zetu nazo hazisaidii sana. Umoja ni nguvu; kidole kimoja hakivunji chawa. Zote zinausifu ushirikiano kwa faida yake, na wezi watatu wanaovunja duka wanaweza kuzitumia bila kubadili neno. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alitenganisha urafiki wa manufaa, wa raha na wa wema, akasema ule wa manufaa huisha manufaa yanapoisha. Sasa timu ni nini kama si ushirika wa manufaa? Mtu anachaguliwa kwa sababu ya miguu yake. Hata kwenye chandimu ni hivyo, isipokuwa kwa mwenye mpira, ambaye hupata namba hata kama danadana mbili zinamshinda.

Ndiyo maana naipenda Ghost, riwaya ya Mmarekani Jason Reynolds iliyotoka mwaka 2016. Castle Cranshaw alijua kwamba ana mbio usiku ule baba yake alipowafyatulia risasi yeye na mama yake. Kocha anaiona kasi yake na kumwingiza katika timu ya riadha. Mpaka hapo bado ni manufaa. Lakini urafiki wenyewe hauzaliwi uwanjani. Unazaliwa kwenye meza ya mgahawa wa Kichina, wageni wa timu wanapoanza kuambiana siri zao. Sunny anasema mama yake alikufa akimzaa. Castle anasimulia risasi. Hakuna hata moja kati ya siri hizo inayopunguza sekunde katika mbio za mtu yeyote.

Castle pia anaiba viatu vya kukimbilia, na kocha anapogundua anamrudisha dukani. Hapo naikumbuka methali nyingine: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nayo inataja kufaa, ila manufaa yake yanamwendea aliye taabani, asiye na cha kulipa.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Mchezo bila hamu ya kushinda si mchezo, na watoto wanalijua hilo kuliko sisi. Tena kazi ya pamoja inaweza kumfundisha mtu kumwangalia mwenzake. Katika Patina, riwaya iliyofuata mwaka 2017, wasichana wa mbio za kupokezana vijiti wanafundishwa kucheza dansi ya waltz, ili kila mmoja aisikie hatua ya mwenzake. Huwezi kucheza hivyo ukimfikiria mwenzako kama mguu tu wa kukuletea medali.

Ghost inaishia kwenye mlio wa bastola ya kuanzia mbio. Nani alishinda, mwandishi hasemi, na wapo watakaokasirika. Mimi naona ni uamuzi wa heshima: kombe limeondolewa mezani na urafiki umebaki palepale ulipokuwa.

Ila hata Castle ana kasi. Laiti angekuwa mzito, kocha asingemtazama mara mbili, na ile meza ya mgahawa asingeiona. Riwaya ya mtoto asiye na kasi, ambaye timu inamngoja tu ili waende wote kula, bado naitafuta.