Kutu ya Kioo

William Herschel, aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, alitengeneza vioo vya darubini zake mwenyewe. Aliyeyusha shaba na bati kama mhunzi, kisha akasugua mpaka madini yakang'aa. Lakini kioo cha madini hupata kutu, na nyota hufifia. Anayeikarabati darubini ya namna hiyo hana budi kukisugua upya, polepole, kwa maana akifanya pupa hukiharibu umbo. Wahunzi wetu wanaofua majembe wangeielewa kazi hiyo.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za kuona katika kioo, vioo vya siku zake navyo vilikuwa vya madini. Alijua kwamba tunaona kwa sehemu tu.

Sisi wa Samuye, na Shinyanga yote, tunalo la kujifunza hapo. Katika mkoa wetu bibi vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, eti kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, wa kuni na samadi, miaka mingi wakiwapikia watoto na wajukuu. Giza halikuwa ndani yao. Lilikuwa kwenye kioo chetu.

Basi, kabla ya kusema nyota imezimika, tukague kioo. Hofu, uvumi na ramli ndiyo kutu yake. Toba ndiyo kusugua. Wala hatusugui mara moja tukamaliza, kwa kuwa kutu hurudi. Bwana atupe subira ya fundi, tusimwage damu ya mtu kwa uchafu wa macho yetu wenyewe.