Pasi kwa Usiyempenda

Ibaba iko Ileje, mkoani Songwe, wilaya ambayo mto Songwe unaitenga na Malawi. Kindali kinazungumzwa kingo zote mbili za mto huo. Ukielekea Umalila utasikia Kimalila, na ukifika Tunduma utawakuta Wanyamwanga, Wanyiha, Wanyakyusa na kila aliyefuata biashara ya mpakani. Sehemu zenye mchanganyiko kama huu hazikosi ushauri mmoja: wapeni vijana mpira, wataungana. Naukubali ushauri huo, ila sababu yake naiona tofauti.

Husemwa kwamba uwanjani watu husahau makabila. Hawasahau. Tazama watoto wanavyogawana timu kabla ya chandimu. Vinara wawili husimama mbele wakachagua kwa zamu, na kila mmoja anajua fika nani mtoto wa nani, na baba yake kagombana na nani juu ya mpaka wa shamba. Hata hivyo kinara anamwita mtoto wa hasimu wa baba yake, kwa kuwa ana chenga na mguu wa kushoto. Mchezo ukikolea anampa pasi, si kwa kumpenda, bali kwa sababu bila yeye goli halipatikani. Kwangu mimi umoja huanzia hapo, katika kumtegemea mtu kabla hujamwamini. Imani huja baadaye, tena polepole, kwa mazoea.

Kama ni hivyo, mpira wenyewe hauna upande. Jijini Nairobi, klabu ya Gor Mahia ilijengwa na Waluo na Abaluhya ikajengwa na Waluhya. Mwaka 1980, majina ya kikabila yalipopigwa marufuku, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina likabadilika, mashabiki wakabaki walewale. Kwetu, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zimeigawa nchi nzima, lakini mgawanyiko wao unapita katikati ya kila kabila, hata katikati ya nyumba. Baba na mwanawe wakinuniana Jumapili usiku, kabila halimo kwenye ugomvi huo. Nadhani mgawanyiko wa namna hiyo umetufaa kuliko hotuba nyingi.

Hukohuko Nairobi, vijana wa mtaa wa Mathare walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1987 Mkanada Bob Munro na vijana wa mtaa huo walianzisha MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, ambapo timu hupata pointi za ligi kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro, si kwa ushindi peke yake. Mpira haukuizuia Mathare isiungue katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, na anayedai unaweza kufanya kazi hiyo anaubebesha mzigo wa serikali na mahakama. Ila mtaro ni shida ya wote. Maji machafu yakifurika hayaulizi mlango wa kabila gani. Aliyeshika koleo pamoja nawe Jumamosi asubuhi ameshakuwa mtu unayemdai na anayekudai.

Ndiyo maana ligi ya kijiji dhidi ya kijiji inanitia shaka, hasa pale ambapo kijiji ni kama ukoo mmoja. Kwa Ibaba ningependa timu zipangwe kwa kura, Mndali na Mmalila wavae jezi moja, na njia ya shule iliyofyekwa ihesabiwe pointi. Wasichana nao waingie tangu msimu wa kwanza. Mathare walisubiri hadi 1992, na miaka yote hiyo nusu ya vijana wa mtaa walikuwa nje ya chaki.