Deni kwa Mbwa

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanachuo kwamba deni huwapo baina ya mtu na mtu tu. Mbwa wangu Askari ndiye aliyenifanya nisite.

Misimu sita alinilindia mpunga huku Masagati, akilala chini ya dungu na kuwafukuza nguruwe mwitu. Ujira wake ulikuwa ukoko wa ugali. Asubuhi moja mwaka 2016 alikataa hata huo. Taya lilining'inia, mate yakamchuruzika. Nikadhani mfupa umemkwama kooni, nikapenyeza mkono kinywani mwake. Huruma, nayo, yaweza kuwa ujinga.

Kumbe ndivyo kichaa cha mbwa kinavyohadaa. Si kila mbwa mgonjwa hukimbia akiuma watu. Mwingine hulegea taya, akashindwa kumeza, sauti ikabadilika. Paka naye hujificha, kisha huparura anayemgusa. Virusi hupita katika mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na dalili zikishajitokeza mbwa haponi. Mtu naye karibu hakika hufa, asipopata chanjo mapema.

Jino lilikuwa limenikwaruza. Nilinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nikajiandaa kwenda Mlimba, kisha Ifakara, kutafuta sindano. Mimi nilikuwa na sindano ya kuifuata. Yeye yake ilikwisha kumpita.

Hapo ndipo deni liliponikaba. Kati ya mwaka 2010 na 2015, mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulichanja mbwa kusini mashariki mwa nchi yetu, Kilombero ikiwamo. Wataalamu walisema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Siku ya chanjo kijijini kwetu nilikuwa navuna. Nilisema, mwakani. Mpunga ule ule alioulinda ndio ulionizuia nisimpeleke.

Wengine huniambia kwamba kumwua ilikuwa rehema, na kweli kumwacha afe kwa kiu mbele ya maji kungekuwa ukatili. Lakini rehema inayokuja baada ya uzembe sijui niiite jina gani.

Jirani alikuja na gobore. Askari alikuwa amejibanza uvunguni mwa dungu, na hakuna aliyethubutu kumkaribia. Jirani akaniomba, “Mwalimu, mwite wewe.”

Nikamwita kwa jina lake. Akatoka akiyumba, mkia ukitikisika.