Heshima ya Bendera na Haki ya Mwenye Hasira

Agosti 1984 chama cha Republican kilifanya mkutano wake mkuu mjini Dallas, Texas, kumteua Ronald Reagan agombee tena urais wa Marekani. Waandamanaji wapatao 100 walipita katikati ya jiji wakipinga sera zake na mwenendo wa baadhi ya kampuni za mjini humo. Njiani mmoja wao aliichukua bendera ya taifa iliyokuwa ikipepea mbele ya jengo fulani, akampa mwenzake Gregory Lee Johnson. Walipofika mbele ya ukumbi wa jiji, Johnson aliimwagia mafuta ya taa akaiwasha, huku wenzake wakiimba na kupiga kelele. Hakuna aliyejeruhiwa. Kati ya wote waliokuwapo, ni Johnson peke yake aliyeshtakiwa, na shtaka halikuwa la wizi wala la kuwasha moto mahali pa umma. Alishtakiwa kwa kudhalilisha kitu kinachotukuzwa na watu, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 2,000.

Naomba tulitazame vizuri shtaka hilo. Bendera ile ilikuwa na mwenyewe, na aliyeichukua hakupewa ruhusa. Kama serikali ya Texas ingetaka kulinda mali, sheria za mali zilikuwapo. Kama ingetaka kulinda usalama wa wapita njia, sheria za moto zilikuwapo pia. Iliziacha zote ikaenda kwenye ile inayouliza mtendaji alikuwa akisema nini kwa tendo lake. Kwa maneno mengine, kilichohukumiwa kifungo ni maana.

Nani ana mamlaka juu ya maana ya bendera? Swali hili ndilo lililogawanya majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1989, watano kwa wanne. Jaji William Brennan, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alimpa Johnson ushindi. Jaji John Paul Stevens, aliyelitumikia jeshi la majini katika Vita vya Pili vya Dunia, alipinga, na hoja yake si ya kubezwa. Alisema serikali inaweza kumkataza mtu kupaka rangi maandishi ya upinzani kwenye Jumba la Ukumbusho la Lincoln mjini Washington, hata kama ujumbe wake ni wa haki. Kwa nini basi isiweze kumkataza kuchoma bendera? Vyote viwili ni urithi wa taifa zima.

Nimeitafakari hoja hiyo kwa muda mrefu, na naona inakwama mahali pamoja. Jumba la Lincoln ni moja. Likiharibiwa, limeharibika kwa kila mtu. Bendera ya Marekani si kitambaa kile cha Dallas. Ni mpango wa rangi na nyota unaoishi katika mamilioni ya vitambaa na katika vichwa vya watu, na hakuna kiberiti kinachoufikia huko. Johnson alipomaliza, bendera ilikuwa bado ipo, nzima, juu ya kila mlingoti wa nchi hiyo. Alichoweza kukiharibu ni kitambaa, na kitambaa kina bei dukani.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kanuni za bendera za Marekani zenyewe zinaelekeza kwamba bendera iliyochakaa iharibiwe kwa heshima, na ikiwezekana ichomwe. Kila tarehe 14 Juni, Siku ya Bendera, wapo askari wastaafu wanaokusanya bendera kuukuu na kuziteketeza huku wamesimama wima. Moto ni uleule na kitambaa ni kilekile. Mmoja anapigiwa saluti, mwingine alihukumiwa kifungo, na tofauti pekee iliyopo kati yao ni mawazo yaliyo ndani ya vichwa vyao. Serikali inayoadhibu tofauti hiyo imeingia mahali ambapo haina ruhusa ya kuingia.

Sisemi kwamba waliokasirika walikosea kukasirika. Mjane wa askari wa Marekani hukabidhiwa mbele ya kaburi bendera iliyokunjwa pembetatu. Kwetu Tanzania pia tumeona majeneza ya askari yakifunikwa bendera na mama zao wakishindwa kusimama. Mtu kama huyo akiona bendera inawaka, haoni kitambaa; anaona jeneza. Falsafa ya uhuru inayompita mtu huyu bila kumsalimu haistahili kusikilizwa, na mara nyingi watetezi wa waandamanaji wamempita hivyo, kana kwamba uchungu wake ni ujinga wa mtu asiyesoma.

Lakini uchungu haukai upande mmoja. Juni 1966, huko Brooklyn, New York, mtu mweusi aitwaye Sidney Street alisikia redioni kwamba James Meredith amepigwa risasi Mississippi. Meredith alikuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi wa Chuo Kikuu cha jimbo hilo, na siku ile alikuwa akitembea kwa miguu kuwahimiza weusi wenzake wasiogope kujiandikisha kupiga kura. Street mwenyewe alikuwa askari wa Vita vya Pili vya Dunia aliyetunukiwa nishani. Alifungua mtoto wa meza akatoa bendera iliyokunjwa vizuri, ile aliyokuwa akiitundika siku za sikukuu za taifa, akaenda nayo kwenye pembe ya barabara karibu na nyumbani kwake, akaiwasha. Aliwaambia waliokusanyika kwamba kama watu wanaweza kumfanyia Meredith vile, basi wao hawahitaji bendera.

Nawaomba wanaodai kwamba anayechoma bendera hana uzalendo wamweke Street mbele yao. Mtu asiyeipenda nchi yake hawi na bendera iliyokunjwa ndani ya mtoto wa meza. Alichokifanya ni kurudisha ahadi kwa aliyeitoa. Alikuwa ameipigania ile bendera, na siku ile aliona imesimama upande wa wenye bunduki. Hukumu yake ilitenguliwa mwaka 1969, nayo kwa kura tano dhidi ya nne.

Katika vijiji vyetu, kijana akisimama mbele ya wazee barazani akatupa chini fimbo ya babu yake, watakuwapo watakaotaka achapwe papo hapo. Lakini mzee mwenye busara ataanza kwa kuuliza: mtoto huyu ana nini? Hamsamehi kwa swali hilo, wala haidharau fimbo. Anajua tu kwamba mtu hafiki hapo bila jambo, na jambo hilo lisipojulikana leo, kesho litarudi limekua.

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote, na kiini hicho ni heshima yenyewe. Heshima ni hukumu ya moyo kwamba kitu fulani kinastahili. Ukiilazimisha, unapata kitu kinachofanana nayo kwa nje tu: utii, au woga. Nchini Tanzania, ukipita karibu na kituo cha polisi saa 12 jioni bendera inaposhushwa, unasimama. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye mzigo kichwani anatulia nao. Ni desturi nzuri na ninaipenda. Lakini ukiwatazama waliosimama huwezi kujua yupi anaikumbuka Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipoisimamisha bendera ya Uhuru kileleni Kilimanjaro, na yupi anamwogopa askari. Kadiri adhabu inavyokuwa kali, ndivyo wa kwanza anavyofichwa na wa pili. Sheria iliyotungwa kulinda heshima inaishia kutunyima njia ya kuiona.

Mahakama zimekwisha kulikuta jambo hili kwa watoto. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu shule ziwalazimishe watoto wa Mashahidi wa Yehova kupiga saluti kwa bendera, ingawa imani yao inawakataza. Ndani ya siku chache makundi ya watu yaliwashambulia waumini hao sehemu mbalimbali za nchi. Huko Kennebunk, jimbo la Maine, ukumbi wao wa ibada ulichomwa moto. Watu walichoma nyumba ya ibada kwa jina la kuheshimu bendera. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Juni 1943, vita na Ujerumani ya Hitler vikiwa vimepamba moto, Mahakama ileile iligeuza uamuzi wake. Watoto hawangelazimishwa tena. Nchi ilikuwa vitani na haikuporomoka kwa sababu wasichana wawili wa West Virginia walikaa kimya darasani.

Nasi tunayo kesi yetu. Wilayani Mbozi wanafunzi zaidi ya 100, Mashahidi wa Yehova, waliadhibiwa na shule yao kwa kusimamishwa masomo, na wachache wao kufukuzwa, kwa kuwa walikataa kuimba wimbo wa taifa. Julai 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki. Ni uamuzi unaostahili kusomwa katika kila chuo cha ualimu, kwa sababu mwalimu ndiye anayekutana na jambo hili kabla ya jaji.

Iko hatari nyingine, na kwa Waafrika naiona kubwa kuliko ya Dallas. Aprili 2016 mchungaji Evan Mawarire wa Harare alijirekodi akiwa amejifunga shingoni bendera ya Zimbabwe. Aliitaja rangi moja moja na kuuliza imekwenda wapi: kijani cha mazao, njano ya madini, nyekundu ya damu iliyomwagika. Hakuichana wala hakuichoma. Aliivaa. Maelfu wakaanza kuivaa kama yeye. Julai mwaka huo alikamatwa, na Septemba serikali ikawaonya wananchi kwamba kuitumia bendera bila kibali ni kosa.

Tazama jinsi sheria ilivyojigeuza. Iliandikwa kumzuia mwenye dharau, ikamfikia mwenye mapenzi. Hilo halikuwa bahati mbaya. Pale tunapokubali kwamba serikali ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya maana ya bendera, tumekubali pia kwamba itaamua ni mapenzi gani yanayoruhusiwa. Tangu hapo bendera si ya taifa tena. Ni ya waliomo madarakani, na raia anaiazima kwa kibali. Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga muswada wa fedha wakiwa wamejifunika bendera yao, na wengine waliuawa. Nani kati yao na waliofyatua risasi aliidhalilisha bendera ile?

Hata hivyo nina neno kwa mwandamanaji pia. Kuchoma bendera ni haki, lakini mara nyingi ni haki inayotumiwa vibaya. Waulize watu leo waandamanaji wa Dallas walitaka nini hasa, ni wachache watakaokujibu. Moto uliwaka, ukaimeza hoja. Mwenye dai la kweli ana wajibu wa kulifanya lisikike, na ishara inayowaumiza hata wale ambao wangemuunga mkono inamfungia mlango. Street alikuwa na jibu alipoulizwa sababu. Asiye na jibu ametupa tu dharau yake katikati ya watu, na jamii ina haki kamili ya kumwambia hivyo usoni, kwa maneno.

Mfano ninaouona bora wa kujibu ni wa mwaka 2016. Colin Kaepernick, mchezaji wa San Francisco 49ers katika NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, alikaa chini wakati wa wimbo wa taifa, akipinga weusi kuuawa na polisi. Nate Boyer, aliyekuwa askari wa kikosi maalumu cha jeshi, aliumizwa na kitendo hicho. Akamwandikia. Wakakutana wakazungumza, na Boyer akamshauri apige goti badala ya kukaa, kwani askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Kaepernick akakubali. Hakuacha dai lake hata chembe, na askari hakulazimika kuuficha uchungu wake. Kilichofuata kwa wakubwa wa ligi ni aibu: msimu ulipoisha hakuna timu iliyomchukua tena, na hajacheza NFL tangu hapo. Watu wawili walipata njia ambayo taasisi yenye mabilioni haikuitaka.

Wanasiasa wa Marekani nao wamejaribu mara kwa mara njia ya adhabu. Sheria mpya ya kulinda bendera ilipoanza kutumika Oktoba 1989, watu walichoma bendera Seattle na kwenye ngazi za Bunge ili kuipinga. Mwaka uliofuata ikabatilishwa. Mwaka 2006 marekebisho ya Katiba yalikosa kura moja tu katika Seneti, 66 kwa 34. Agosti 2025 Rais Donald Trump akasaini amri ya kuwaandama wachomaji, na siku hiyohiyo mtu mmoja, askari mstaafu, akachoma bendera mbele ya Ikulu yake. Miaka zaidi ya 40 tangu Dallas, kila tishio limezaa moto mwingine.

Siku ile ya Dallas, waandamanaji walipokwisha kuondoka, mtu mmoja aliyeshuhudia aliyaokota mabaki ya bendera, akaenda nayo nyumbani, akayazika uani kwake. Hakumpiga mtu. Jaji Brennan alilitaja tendo lake katika hukumu, na alikuwa sahihi kulitaja, maana lilionyesha heshima ambayo hakuna hakimu angeweza kuiamuru.

Kwa hiyo aliyeiba bendera ya mtu ashtakiwe kwa wizi, na aliyehatarisha maisha ya watu kwa moto ashtakiwe kwa hilo. Anayeona kuchoma bendera ni tendo baya aseme, naye aandamane akitaka, abebe bendera kubwa zaidi. Lakini aliyechoma bendera yake mwenyewe kwa sababu ya jambo linalomuuma asiguswe na polisi. Aulizwe ni jambo gani, na kama ni la kweli, lishughulikiwe.