Kipupwe, Jirani na Mlango Uliofungwa

Masika yakishakatika, mwezi wa Juni unapoingia, Ngorongo huwa mahali pazuri sana pa kuishi. Jua linawaka bila kuchoma. Asubuhi ukungu umelala juu ya bonde la Rufiji kama pamba, na jioni upepo wa kusi unamfanya mzee atafute shuka la pili. Ndugu zetu wa Njombe na Makete watatucheka tukiiita hiyo baridi, nasi tunawaachia kicheko chao. Kwetu hiki ndicho kipupwe, majira ya kukaa nje. Mikeka hutandikwa chini ya mwembe, watoto huchoma mahindi, na habari za kijiji kizima hupita uani kabla ya giza kuingia.

Sisi ni jumuiya ndogo ya Wakristo katikati ya majirani ambao wengi wao ni Waislamu. Baadhi yetu tuliletwa huku na kazi ya ualimu au zahanati, wengine na kilimo, wengine na ndoa. Tumezikwa pamoja na tumeoana, na hatuoni ajabu juu ya hilo. Swali tunalotaka kuwashirikisha wapendwa wasomaji si la dini mbili. Ni dogo zaidi, na lilitusumbua zaidi: je, ni halali mbele za Mungu kufurahia siku njema wakati jirani yako amepoteza?

Tueleze kwanza jinsi tunavyoishi. Mwaka 1969, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha watu wengi wa bonde la Rufiji na kuwaweka katika vijiji vya huku juu. Nyumba zikapanda, mashamba yakabaki bondeni. Ndiyo sababu mkulima wa huku hadi leo ana moyo wa pande mbili: analala penye usalama, na chakula chake kiko penye maji. Mto ukifurika kwa kiasi, ni baraka, kwa sababu maji yakipungua huacha tope lenye rutuba, na juu ya tope hilo tunapanda mlau: mahindi, kunde na maboga yanayokua kwa unyevu wa ardhi bila mvua. Mto ukifurika kupita kiasi, unachukua mpunga kabla haujavunwa.

Aprili 2024 ulichukua. Mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti yalizama, na watu walihama na magodoro vichwani. Wapo waliolaumu bwawa la Mwalimu Nyerere, wapo waliolaumu mvua, na mabishano hayo tunawaachia wenye vipimo. Sisi tuliona tu kwamba bibi jirani yetu, mjane anayelea wajukuu watatu, hakurudi na gunia hata moja. Nasi mwaka ule ule, kwa kuwa tulikuwa tumelima ufuta huku juu, tulivuna vizuri kuliko miaka mingi.

Tuna desturi. Jumapili moja ya mwisho wa Juni, baada ya ibada, tunapika pilau na kula nje, chini ya mwembe. Jogoo wetu huchinjwa na mjukuu mkubwa wa bibi huyo, ili chakula kiwe halali kwa kila atakayepita. Hakuna aliyewahi kuandika kanuni hiyo. Imekuwepo tu.

Mwaka ule mmoja wetu alisema, "Safari hii tule ndani. Haifai kumkaangia mtu vitunguu puani naye hana kitu." Maneno yalisikika kama heshima, na karibu wote tulikubali. Jogoo tulimchinja wenyewe, kimyakimya, nyuma ya jiko. Tukala chumbani, mlango umefungwa, siku ambayo nje palikuwa na upepo mtamu kuliko siku zote za mwaka. Watoto walinong'ona kama walio msibani. Pilau lilikuwa zuri na hakuna aliyelisifu.

Jumanne bibi alikuja, amebeba fungu la majani ya maboga. Tulimwamkia, akaitikia, lakini hakuketi.

"Jumapili mlikuwa na mgonjwa?" akauliza.

Tukasema hapana.

"Nimeona mlango umefungwa mchana kutwa. Nikasema, labda kuna msiba wanauficha." Akanyamaza kidogo. "Mpunga wangu umekwenda na maji, wanangu. Na majirani nao wamekwenda?"

Hatukuwa na jibu. Hata kama tungesema tulifunga kwa ajili yake, kisu kilikuwa kimeshatusaliti. Mtu anayechinja jogoo wake mwenyewe kijijini kwetu ameshaamua nani hatakula.

Baada ya hapo tulijadiliana kwa majuma kadhaa, na si kwa upole kila mara. Aliyetoa wazo la kula ndani aliendelea kulitetea. Alituuliza kama Mtume Paulo hakuwaagiza Warumi kulia pamoja na wanaolia, na kama kweli tungetaka kuandika vitabuni kwamba Wakristo wa Ngorongo walisherehekea wakati wenzao wana njaa. Hoja yake ina uzito. Makanisani tumezoea kuamini kwamba huzuni ni takatifu na furaha inahitaji kibali. Lakini Paulo, katika mstari ule ule, anaanza na kufurahi pamoja na wanaofurahi, na katika yote mawili neno linalobeba mzigo ni "pamoja". Sisi hatukulia pamoja na bibi. Tulifurahi peke yetu, kisha tukaiita huruma.

Mwingine alileta mfano wa matanga. Jirani akifiwa, redio huzimwa na hakuna anayecheka kwa sauti. Ni kweli, na ni vyema. Lakini wakati wa matanga hakuna anayefunga mlango. Watu huhamia kwa mfiwa na sufuria zao.

Tuliyekwenda kusoma naye zaidi ni Nehemia. Katika sura ya tano watu wake wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, na mkulima yeyote wa Rufiji anaelewa hilo bila mhubiri. Katika sura ya nane watu hao, wakisikia torati ikisomwa, wanalia. Ajabu ni kwamba hawaambiwi waendelee kulia. Wanaambiwa waende wale vinono, wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Tunavyolisoma, sehemu hiyo si ukoko unaopelekwa wenye nyumba wakishashiba. Inatoka sufuria ikiwa bado motoni, na bila hiyo karamu yenyewe haijatimia.

Wazee walitukumbusha jambo jingine, kwamba huku kukaa nje jioni si kitu cha bure. Kati ya 2002 na 2004 simba aliyepewa jina la Osama anahesabiwa kuwa aliua watu wapatao 35 katika vijiji vya kando ya mto, na watu walijifungia kabla ya Magharibi. Mwaka 2017, mauaji yalipozidi Kibiti na Rufiji, bodaboda zilipigwa marufuku usiku, na mtu alimwogopa hata anayebisha hodi. Miaka hiyo milango ilifungwa kwa hofu. Sisi tulifunga wetu wakati wa amani, kwa hiari.

Tulikwenda kuomba radhi. Bibi alisikiliza, kisha akauliza kama tuna mbegu ya mahindi, kwa sababu maji yalikuwa yameshashuka na tope halisubiri. Tulikuwa nayo. Jumamosi mbili tulishuka bondeni pamoja na wajukuu wake, tukapanda mlau miguu ikizama mpaka kwenye vifundo, na yeye akitukemea kwamba tunafukia mbegu ndani mno. Mwalimu mmoja kati yetu alikemewa kuliko wanafunzi wake wote.

Mavuno hayakuwa makubwa. Hayakulipa mpunga uliopotea, na tusidanganye kwamba yalilipa. Aliyetetea kula ndani bado anasema tulikosea kwa nia njema, na kwamba nia njema ina thamani yake, nasi hatujamaliza kubishana naye.

Juni iliyofuata mjukuu alikuja na kisu mapema, kabla hatujatoka kanisani. Bibi aliketi kwenye mkeka upande wa kivuli, akaonja pilau, akasema chumvi haijafika.