Utumbo Ukijitengeneza, Kwetu Lasalia Nini?

Ndugu yetu aliyeko Kisii atuuliza: Mtu mmoja amesema barazani kuwa mtoto aharaye aachwe, kwani mwili umeumbwa kujiponya, na kumhangaikia ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Je, ni haki?

Jawabu: Nusu ya neno hili ni kweli, na nusu ya kweli hupoteza watu kuliko uwongo mtupu.

Kweli yake ni hii. Utando wa ndani wa utumbo mwembamba hufanywa upya kwa muda wa siku 3 hata 5. Chini ya vishimo vyake vidogo mna seli mama, ambazo wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, walizibainisha mwaka 2007. Seli jirani huzipelekea ishara iitwayo Wnt, zikazaa. Watoto wake wapandapo juu hukutana na ishara nyingine ya kuwazuia, wakaacha kuzaa, wakashika kazi ya kufyonza chakula. Ugonjwa ukiubomoa utando, ishara za kujenga huzidi mpaka pengo lizibwe. Ishara ya kuzaa isipokoma, huweza kuzuka saratani. Subhanallah! Hata kujenga kumewekewa mpaka.

Lakini fundi huyu ahitaji siku, na mtoto aharaye sana aweza kufa kwa kukaukiwa maji kwa saa chache. Hapo ndipo ilipo kazi yetu. Chumvi na sukari, zikichanganywa kwa kiasi chake katika maji safi, hupenya pamoja utumboni na maji yakazifuata, hata utumbo ukiwa mgonjwa. Tena tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameshauri mtoto apewe zinki kwa siku 10 hata 14, nayo husaidia utando kupona. Basi amnyimaye mtoto hayo hakumtegemea Mungu. Amezikataa sababu alizoziweka Mungu.

Na nchi ya Kisii na Nyamira ni ya vilima na mvua nyingi, na wengi huchota chemchemi za mabondeni. Achimbaye choo juu ya chemchemi amdhuru jirani aliye chini, naye ataulizwa. Nasi wa pwani tusijione bora: visima vyetu na makaro yetu vimekaribiana mno.

Atendaye dhambi makusudi kwa kuwa mlango wa toba u wazi ameifanyia rehema mzaha. Na aachaye kinga na dawa kwa kuwa mwili hujiponya, ni mwenziwe huyo.

Wallahu aalam.